Bajeti za Vyuo Vikuu vya Umma: Maswali Ninayoulizwa Kila Muhula

Nilifanya kazi miaka kadhaa katika ofisi ya fedha ya chuo kikuu kimoja cha umma hapa Nairobi, upande wa vocha za malipo. Tangu niondoke, watu hunishika kwenye matatu, kwenye harambee za karo na hata matangani, kila mmoja na swali lake. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara. Nimeyaweka jinsi yanavyokuja.

Serikali husema imetoa mabilioni. Chuo husema hakina kitu. Nani mwongo?

Mara nyingi hakuna. Serikali huhesabu kilichoandikwa kwenye bajeti, chuo huhesabu kilichoingia benki, na kati ya hivyo viwili kuna safari ndefu. Waraka wa Hazina ya Kitaifa wa kuanza matayarisho ya bajeti hutoka kufikia mwisho wa Agosti. Kila wizara hupewa ukomo wake, na chuo hubanwa ndani ya ukomo huo hata kama kiliomba mara mbili yake. Makadirio hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Hata hapo pesa hazimwagwi zote kwa pamoja. Hutoka kidogo kidogo kulingana na kodi inavyoingia, na katikati ya mwaka yaweza kuja bajeti ya ziada ikapunguza hata kile ambacho wabunge walikwisha kupitisha.

Kwa hiyo mkubwa wa chuo akikuambia "tumekatwa", muulize: mmekatwa kwenye ombi lenu, kwenye makadirio, kwenye bajeti ya ziada, au pesa zimechelewa tu? Kuchelewa hakuitwi kukatwa kwenye vitabu, ingawa mama anayeuzia chuo mboga na anayedai tangu Januari haoni tofauti yoyote.

Pesa zikipungua, ni nini hukatwa kwanza?

Watu hudhani kuna kikao ambapo wakubwa hupima hiki na kile kisha wakaamua. Mimi sikukiona kikao hicho. Nilichokiona ni foleni. Mwezi unaelekea kuisha, pesa zimeingia, na hazitoshi. Mishahara hutangulia, na hata hiyo si yote: hutangulia neti, yaani zile zinazoingia mfukoni mwa mfanyakazi. Baada yake stima na maji, kwa sababu Kenya Power wakikata, ofisi ya Naibu Chansela nayo huzimika. Kisha yeyote aliyekuja na amri ya mahakama mkononi. Waliobaki husubiri: wahadhiri wa muda, wauzaji wa kemikali za maabara, majarida ya maktaba, fundi wa paa la hosteli, ziara za masomo, na makato ya wafanyakazi ambayo nitayarudia hapa chini.

Asiyekuwapo na lake halipo. Mfanyakazi atagoma, benki itaandika barua, wakili atakuja na makarani wake. Maktaba haina wa kuisemea. Chuo kikiacha kulipia majarida mwaka huu, hakuna atakayeandamana University Way. Atakayeumia ni mwanafunzi wa uzamili anayeandika tasnifu miaka mitatu baadaye kwa makala ya zamani, wala hatajua kwa nini.

Niliwahi kukaa na vocha ya karatasi za mtihani kwenye trei yangu karibu muhula mzima. Haikukataliwa na mtu. Kila wiki kulikuwa na jambo la dharura kuliko karatasi, hadi wiki ya mtihani ikafika na idara ikachangishana ikanunua rimu zake dukani. Kwenye ripoti ya mwaka ule fungu lile lilionekana kama "akiba iliyopatikana". Nilicheka, lakini si sana.

Ndiyo maana nawaambia wanaoniuliza: mpango mkakati wenye picha za rangi na wanafunzi wanaotabasamu weka kando. Tafuta nani hulipwa mwisho. Ukimjua huyo, umejua vipaumbele vya chuo.

Pesilipu yangu yaonyesha nimekatwa, lakini sacco inasema haijapokea kitu. Nimeibiwa?

Kisheria pesa zile si za chuo. Zikishakatwa ni zako, au za sacco, au za KRA, yaani watoza kodi, au za mfuko wako wa pensheni. Chuo ni mpitishaji tu. Kwa vitendo, chuo kilichopokea pesa pungufu hulipa neti kwanza, halafu makato hubaki kama maandishi kwenye karatasi. Hazijawekwa mahali, kwa sababu hazikuwahi kuwapo. Mwezi wa kwanza husemwa ni wa dharura. Mwezi wa kumi ni mazoea.

Huu ndio ukataji wa bajeti mbaya kuliko yote, na ndio usiotangazwa. Sehemu kubwa ya madeni ya vyuo vya umma, ambayo kwa jumla ni makumi ya mabilioni ya shilingi, ni makato haya: kodi, pensheni, NSSF, sacco, mikopo ya benki. KRA ina meno na imewahi kufunga akaunti za vyuo. Mfuko wa pensheni huweza tu kuandika kwamba unadai. Mwalimu anastaafu, anaambiwa asubiri, na riba inaendelea kujumlishwa kwa jina lake katika kitabu ambacho hakuna anayekilipa.

La kufanya: usikubali maneno ya mdomo. Omba taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wenyewe kila mwaka, ilinganishe na pesilipu zako, na barua ya malalamiko itoke kwenye chama cha wafanyakazi ikiwa na majina mengi.

Maksi zangu za mwaka wa pili hazipo kwenye mfumo. Hiyo nayo ni bajeti?

Mara nyingi, ndiyo. Komredi, yaani mwanafunzi, hulaumu idara, idara humlaumu mhadhiri, na mhadhiri hajibu simu. Ukichimba utakuta alikuwa mhadhiri wa muda aliyefundisha kwa mkataba wa muhula mmoja na hajalipwa. Hana mshahara wa kumshikilia, hana ofisi, na anafundisha vyuo vingine viwili ili apate kodi ya nyumba Kahawa au Rongai. Karatasi za mitihani zilizosahihishwa ndizo dhamana pekee aliyo nayo, kwa hiyo anazikalia.

Si sawa. Lakini nikiwa upande wa pili wa dirisha la malipo niliwaona wakija, wamevaa suti ileile, wakiuliza kwa upole ile ile vocha. Mmoja alikuja mara nyingi kiasi cha askari wa langoni kudhani ni mwenzetu wa ofisini. Chuo huwapenda wahadhiri wa muda kwa sababu ni rahisi: hakuna pensheni, hakuna bima, hakuna likizo. Urahisi huo mwanafunzi huulipia siku ya mahafali, jina lake linapokosekana kitabuni.

Mzee wangu husema yeye alisoma chuo bure na akapewa pesa za matumizi. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu kubwa. Baada ya uhuru serikali iligharamia masomo kwa sababu ilihitaji watu wa kujaza ofisi. Mwaka 1974 ukaja mpango wa mikopo, ambao wengi waliuchukulia kama zawadi, na zile pesa za matumizi ndizo wazee hao huziita "boom" hadi leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ikiwa imebanwa na masharti ya wafadhili, ikaja kuchangia gharama: chakula cha bure kwenye mess kikaisha, ukawa ulipe ndipo ule. HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, iliundwa kwa sheria mwaka 1995.

Ila mzee wako asisahau kukuambia walikuwa wangapi. Chuo kikuu kilikuwa kimoja, wanafunzi maelfu machache. Bure ya wachache na bure ya wengi ni hesabu mbili tofauti.

Module II ilikuwa nini, na mbona kila mtu huitaja kama marehemu tajiri?

Kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia, waliofuzu lakini hawakupata nafasi za serikali. Walisoma jioni, wikendi, na baadaye wakati wowote. Walilipa karo ya soko. Vyuo vingine vikaiga, na kwa takribani miaka kumi na mitano pesa zikafurika. Mhadhiri aliyefundisha masomo ya jioni alipata marupurupu ya kumwezesha kununua ploti. Vyuo vilifungua matawi kila mji, mengine orofani juu ya maduka na vilabu. Vikaajiri, vikajenga, vikanunua magari.

Kosa halikuwa kupokea pesa zile. Kosa ni kwamba zilichukuliwa kama mshahara, wakati zilikuwa kama mvua ya vuli. Matumizi ya kudumu, yaani waajiriwa wa kudumu, matawi na majengo ya mkopo, yalisimamishwa juu ya mapato ambayo hakuna aliyeyahakikisha.

Halafu mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ukafungwa mianya ya wizi. Mwaka 2015 waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 169,492. Mwaka 2016 wakawa 88,929, na 2017 wakashuka hadi 70,073. Wakati huohuo serikali ikaamua kuwapa nafasi wote waliofika C+, na wengine ikawapeleka hata vyuo vya kibinafsi kwa gharama yake. Nani basi abaki wa kujilipia? Module II haikuuawa na mtu, ilikosa wateja. Wafanyakazi walioajiriwa kwa pesa zake walibaki, na mishahara yao ikahamia kwenye mgao wa serikali ambao haukuwa umepangwa kwa ajili yao.

Changanya na jambo lingine: mwanzoni mwa 2012 vyuo vikuu kamili vya umma vilikuwa 7, na kufikia Machi 2013 vilikuwa 22. Kila kimoja na baraza lake, Naibu Chansela wake na dereva wake. Chungu cha chakula kikabaki kilekile, wageni wakaongezeka mara tatu.

Na ile karo ya 16,000 kwa mwaka?

Hicho kilikuwa kiwango cha masomo kwa mwanafunzi wa serikali kwa miongo, huku bei ya kila kitu ikipanda. Kilikuwa siasa zaidi ya hesabu. Hakuna waziri aliyetaka kuwa ndiye aliyekigusa. Baadaye ukaletwa utaratibu wa kupima gharama halisi ya kila kozi, ambapo serikali ingelipa asilimia 80. Karatasini ulikuwa utaratibu mzuri. Lakini wanafunzi waliongezeka kuliko pesa, na kufikia 2022 serikali ilikuwa inalipa takribani nusu tu ya gharama.

Bendi ni nini, na kwa nini jirani yangu yuko bendi nyingine?

Bendi ni ngazi za uhitaji katika mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu, uliotangazwa Mei 2023. Serikali iliacha kukipa chuo mgao wa jumla kwa wanafunzi wapya. Pesa zikamfuata mwanafunzi kulingana na hali ya familia yake, kwa ufadhili ambao haulipwi, mkopo wa HELB, na mchango wa nyumbani. Kuna bendi tano. Bendi ya kwanza hupata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya tano hupata ufadhili 30, mkopo 30, familia 40. Mapato ya familia, idadi ya ndugu walio shuleni, ulemavu na aina ya shule uliyosomea huingia kwenye hesabu.

Mashine hukosea. Mtoto wa mjane aliyesomeshwa shule ya kitaifa na mfadhili huonekana tajiri. Ukiona umepangwa vibaya, usilie kwenye foleni ya usajili: omba kupangwa upya kwenye tovuti ileile uliyoombea, ukiwa na cheti cha kifo cha mzazi, barua ya chifu na ushahidi wa nani alilipa karo ya sekondari.

Kwa hiyo maskini amepunguziwa mzigo?

Mzigo wa leo, ndiyo. Wa kesho, tuhesabu. Chukua kozi ya shilingi 240,000 kwa mwaka, kwa miaka minne. Familia ya bendi ya kwanza hulipa 12,000 kwa mwaka, chini hata ya ile 16,000 ya zamani. Ya bendi ya tano hulipa 96,000.

Sasa geukia mkopo. Bendi ya kwanza hukopa 60,000 ya karo na 60,000 ya matumizi kila mwaka, kwa sababu pesa za matumizi nazo ni mkopo. Miaka minne: 480,000. Bendi ya tano hukopa 72,000 ya karo na 40,000 ya matumizi. Miaka minne: 448,000. Rudia kusoma. Mtoto wa maskini kabisa huondoka chuoni akidaiwa kuliko mtoto wa mwenye nacho, na hapo sijaweka riba ya asilimia 4 kwa mwaka wala faini ya 5,000 kwa mwezi kwa anayechelewa kulipa.

Simlaumu mzazi anayeona bendi ya kwanza ni neema, maana leo anayo 12,000 na 96,000 hana. Lakini kijana aelezwe anachotia sahihi, tena aelezwe kwa Kiswahili.

Si mahakama ilifuta mfumo huu?

Ilifuta. Tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliutangaza kuwa kinyume cha katiba, akitaja ubaguzi na ukosefu wa ushirikishaji wa umma. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha hukumu hiyo kwanza. Karo za baadhi ya kozi pia zilishushwa kuanzia Septemba 2025. Nafuu kwa mzazi, sawa. Lakini uliza: ile tofauti italipwa na nani? Kama haikuongezwa kwenye mgao, imerudi kwenye ile foleni yangu, na unajua nani husimama mwisho.

Wahadhiri waligoma 2025 kwa nini, wakati wana mishahara?

Walidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021. Soma miaka hiyo tena: mkataba ulikuwa umekwisha muda wake, deni lake halijaisha. Mgomo ulianza Septemba 17 ukaisha Novemba 5, siku 49, kwa ahadi ya kulipwa mara mbili. Waliojiunga mwaka wa kwanza Septemba hiyo walifika na masanduku yao wakakuta madarasa matupu, huku kodi ya chumba Ngara ikiendelea kulipwa.

Serikali hutia sahihi mkataba wa mishahara, kisha pesa zake haziwekwi kwenye bajeti za miaka inayofuata. Chuo huweza kusema, kwa haki, kwamba hakikupewa.

Mbona wanajenga majumba wakati maabara hazina gesi?

Kuna jibu la kiofisi na kuna langu. La kiofisi: pesa za maendeleo na za matumizi ya kawaida ni mafungu mawili, na huwezi kuchukua pesa za jengo ukalipa gesi bila idhini. Hilo ni kweli. Pia mengi ya majengo hayo yalianzishwa enzi za Module II, na mkandarasi asiyelipwa hutoza riba, kwa hiyo kuacha nusu njia ni ghali pia.

Langu: jengo huzinduliwa. Kuna utepe, kamera, jiwe lenye jina. Hakuna aliyewahi kuzindua mfereji wa hosteli uliozibuliwa.

Si wapunguze wafanyakazi tu, au waunganishe vyuo?

Katika vyuo vingi vya umma wasiofundisha ni wengi kuliko wanaofundisha, kwa hiyo swali si la kijinga. Chuo Kikuu cha Nairobi kilijaribu njia yake mwaka 2021, kikaondoa ngazi ya vyuo vyake vya ndani na kupunguza vitivo kutoka 35 hadi 11. Palizuka kesi na kelele, kama ilivyotarajiwa. Kumpunguza mtu wa kudumu hugharimu kiinua mgongo, notisi na mara nyingi wakili, na zinatakiwa pesa taslimu, ambazo ndizo hazipo. Kuunganisha vyuo ni kugumu zaidi: kila chuo kina kaunti yake, na kila kaunti ina wabunge wake.

Na utafiti?

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Haijawahi kufika. Tuendelee.

Mimi mwananchi wa kawaida, naweza kuona hesabu za chuo?

Ndiyo, na watu wachache mno hufanya hivyo. Ibara ya 35 ya Katiba inakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakitaka chuo kikujibu ndani ya siku 21. Andika barua, taja unachotaka kwa jina na mwaka, baki na nakala iliyopigwa muhuri. Wakikunyamazia, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Lakini kabla ya kuandika, tafuta ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila chuo cha umma hukaguliwa, ripoti hupelekwa Bungeni, nazo huwekwa mtandaoni bure. Lugha yake ni kavu. Ruka utangulizi wa mwenyekiti wa baraza, ruka picha. Nenda kwenye orodha ya madeni mwishoni, na uanze na mstari wa makato ya wafanyakazi ambayo hayajawasilishwa. Linganisha na mwaka uliotangulia. Kama yamepanda, unajua kilichokatwa mwaka huo, hata kama hakuna aliyetangaza kwamba kuna kilichokatwa.